Mguu Uende Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini ilianza na ugomvi. Tulikuwa tumejazana nje ya geti ya kampuni, kule EPZ Athi River, eneo la viwanda vya kuuza ng'ambo, wanawake wengi na wanaume kidogo, vumbi ya malori ya simiti ikituingia machoni. Askari wa geti akatangaza ati wenye cheti cha kidato cha nne wakae mbele, wengine warudi nyuma. Mimi sikuwa na cheti cha kidato chochote. Nikamuuliza kwa sauti kama hizo nguo zinashonwa na vyeti ama na mikono. Watu wakacheka. Supavaiza wetu wa kwanza, mama mmoja mnene wa miwani, akatoka nje akauliza ni nani anapiga kelele. Nikainua mkono.

"Kuja wewe," akasema. "Ukiwa na nguvu ya kelele utakuwa na nguvu ya kusimama."

Ndiyo intavyu yangu hiyo. Mimi naitwa Mwende, mzaliwa wa Tala, na kuanzia hiyo siku mpaka macho yaliponikataa nimekuwa mtu wa viwanda vya nguo. Nawaandikia nyinyi mnaoingia huko sasa, kwa sababu nasikia vile mnafundishwa na inaniuma.

Hiyo ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini kuingia elfu mbili. Suruali za jinzi zilikuwa zinaenda ng'ambo kama maji. Kazi ilikuwa kwa laini, yaani mashini zimepangwa moja nyuma ya nyingine, suruali inaanza upande huu ikiwa vipande, inatoka upande ule ikiwa na kila kitu. Mimi nilianza kwa kukata nyuzi. Unasimama na kamkasi kadogo kutwa nzima, unatoa nyuzi zimening'inia. Kazi ya mtu yeyote. Nikikata nyuzi, macho yangu yalikuwa kwa mashini ya mwisho ya laini, ile ya kugonga vifungo.

Hiyo mashini wacha niwaeleze. Kuna chuma cha chini na chuma cha juu. Unaweka kifungo chini, unaweka kitambaa, unakanyaga pedali, chuma cha juu kinashuka kwa nguvu ya hewa na kifungo kinakaa milele. Hewa inatoka kwa kompresa, tangi kubwa iko nje ya ukuta. Ukitoa mguu, chuma kinapanda. Ukikawia na mguu, chuma kinabaki chini. Shida ni kwamba hiyo pedali ni nyepesi kushinda vile unadhani. Mguu wako haujui, wewe unajua tu kwa kichwa.

Nilijifundisha mwenyewe kwa kuangalia. Siku moja saa ya mapumziko ya chakula, wenzangu wakiwa nje na githeri yao, nikaketi pale nikagonga kifungo kimoja. Kikakaa poa. Nikagonga cha pili. Sauti ikaniambia nyuma ya sikio, polepole:

"Toa mguu."

Alikuwa Musyoka. Huyo ndiye alikuwa mwalimu wa mashini wa hall yetu yote, na sisi tulimwita tu Mwalimu. Mwanaume wa Masinga, mrefu, hasemi sana. Mimi nilijua sasa nimefutwa, kwa hivyo nikaanza kubishana kabla hajasema kitu.

"Si ona vile nimegonga! Kuna mbaya gani? Ni kama ya wale umefundisha."

"Ni nzuri kuliko ya wengine."

"Sasa?"

"Sasa ukishtuka, mguu wako utaenda wapi?"

Nikamwambia mimi sishtukangi. Akapiga makofi mara moja nyuma ya kichwa changu, paa! Mguu wangu ukaenda chini wenyewe, chuma kikashuka pah mbele ya kidole changu. Nilihisi upepo wake kwa kucha.

Hakunipeleka kwa ofisi. Alinianzisha mwanzo, kama mtu hajawahi kuona mashini. Hapo ndipo nilikanyagiwa.

Kukanyagiwa ilikuwa njia yake, sijaiona kwa kampuni nyingine yoyote. Wewe unavua kiatu unaweka mguu kwa pedali. Yeye anasimama nyuma yako, anavua kiatu yake, anaweka mguu wake juu ya mguu wako na mikono yake juu ya mikono yako. Mnagonga vifungo pamoja, mtu mmoja wa miguu minne, mpaka mguu wako unasikia uzito wake. Halafu anaanza kukushtua. Anapiga makofi, anaangusha sahani ya vyuma, anakuita jina ghafla. Kila ukishtuka, mguu wake unavuta wako nyuma. "Mguu uende nyuma, usiende chini." Alikuwa anasema hivyo mpaka tunamwiga tukienda msalani. Binadamu akishtuka anakanyaga, ndivyo mwili umezoea. Yeye alikuwa anautoa hiyo tabia. Mtu alikaa naye siku kadhaa, wengine wiki, na kama mguu bado unaenda chini alikuwa anasema, "Huyu hajaiva," na hakuna mtu angekuweka kwa hiyo mashini. Akisema "ameiva," hata ukirushiwa nyoka unatoa mguu kwanza ndio unapiga nduru.

Mimi nilichukua wiki. Tangu siku hiyo mtu akimtaja Musyoka vibaya mbele yangu tulikuwa tunakosana. Muulize fundi mmoja wa kompresa nilimmwagia chai kwa viatu.

Yule supavaiza mama akahama, tukaletewa mwingine. Kijana, shati nyeupe, saa ya kupima dakika kwa shingo. Si mtu wa kwetu, na hiyo si kosa yake. Yeye wimbo yake ilikuwa tageti, yaani suruali ngapi kwa saa. Juu yake kulikuwa na meneja wa produksheni, mzee wa ng'ambo, mpole, lakini alikuwa anaona karatasi kuliko watu. Supavaiza mpya kitu ya kwanza alifanya ni kufunga kinga juu. Kinga ni kale kachuma kembamba kako mbele ya chuma cha juu, kidole kikiingia kinakasukuma na mashini inakataa. Alisema kanachelewesha mkono. Akakafunga juu na kitambaa cha jinzi, mashini zote. Musyoka alikuwa akipita anafungua. Jamaa akipita anafunga. Walienda hivyo miezi, bila kuongea, kama watu wanacheza.

Halafu oda kubwa ikaingia, watu wapya wakaandikwa haraka haraka, na kwa hao watu akaingia Mama Ndunge.

Ndunge ni bibi ya Musyoka, mke wake. Huyu alikuwa mama mzazi wa huyo Ndunge, kutoka Ndithini. Hakuwa mzee, alizaa mapema. Mvua ilikuwa imekataa huko kwao misimu mbili, mahindi yamesimama kama fimbo, na alikuwa na watoto wawili bado shuleni. Alijua mkwe wake ako Athi River kwa kampuni, lakini kampuni ziko nyingi, hakujua ni gani. Alipiga laini geti ya kwanza aliona. Supavaiza akaangalia mikono yake haitetemeki, akampeleka moja kwa moja kwa mashini ya vifungo, karibu na yangu.

Tuliongea kidogo kwa Kikamba, akaniambia kwao, nikamwambia kwetu, nikamweleza vile Mwalimu anakanyagia watu, akaniita mwanangu. Halafu Musyoka akatokea kwa mlango wa stoo akiwa amevua kiatu tayari, anakuja kumfundisha mtu mpya.

Akamwona. Mama naye akamwona. Wote wawili wakageuka kama wamechomwa. Mama akavuta leso akafunika uso akaangalia ukuta. Musyoka akarudi nyuma akagonga kikapu ya suruali.

Kama wewe si Mkamba wacha nikueleze, na kama ni Mkamba wa siku hizi pia nikueleze kwa maana mnasahau. Iko kitu tunaita nthoni. Mwanaume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawakai karibu, hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Si chuki, ni heshima, ile heshima kubwa kabisa tuko nayo. Sasa fikiria huyo mtu asimame nyuma ya mama ya bibi yake, amkumbatie mikono, amwekee mguu uchi juu ya mguu uchi, mbele ya watu wa Masinga na Kangundo na Tala wote wanajua.

Wakamba wote kwa laini wakainamia mashini zao.

Musyoka akaenda kwa supavaiza, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu siwezi. Wacha Mwende amfundishe."

"Mwende ana karatasi ya kufundisha?"

"Hana. Lakini anajua."

"Basi hawezi. Mwenye karatasi hapa ni wewe. Kwani huyu mama amekukosea nini?"

Musyoka akaangalia chini. Aibu ilimshika, hangeweza hata kutamka uhusiano wao hapo mama akisikia. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikasimama nikapiga kelele, "Huyo ni mama mkwe wake, wewe! Umeambiwa hawezi, hawezi!"

Supavaiza akacheka. Alicheka vizuri tu, si kwa ubaya. "Hapa hakuna mama mkwe. Hapa kuna tageti."

Nikamwambia basi huyo mama aende akate nyuzi, mimi nitamfundisha polepole. Akasema huko kumejaa, ni mashini ama geti. Mama aliposikia geti akageuka kidogo, bila kutoa leso, akasema, "Nitaweza. Aniambie kwa mdomo, mimi nitasikia." Mimi nikaendelea kurusha maneno, mengine siwezi kuandika hapa, na kwa ajili hiyo nikahamishwa hapo hapo, nikapelekwa laini ya zipu, mwisho kabisa wa hall. Saa ya chakula nilikimbia kwa Mama Ndunge nimwekee mguu wangu, hata kama ni mara moja. Nikakuta kompresa imezimwa. Mapumziko yote walikuwa wanaizima sasa, ndio kuokoa stima. Mashini bila hewa ni meza tu.

Kwa hivyo alifundishwa kwa mdomo. Niliona kutoka mbali. Musyoka amesimama mashini tatu kutoka kwake, amempa mgongo, anapaza sauti juu ya kelele: weka kifungo hivi, vidole vikae hapa, kanyaga kama unakanyaga yai, ukishtuka mguu uende nyuma. Na mama ameangalia mbele, anaitikia kwa kichwa, na Musyoka hamwoni.

"Imeeleweka?"

"Imeeleweka."

Yeye angesema nini? Kumwambia mkwe wako arudie ni kama kumwambia hajui kuongea. Na Musyoka angeuliza nini tena? Kumuuliza mama mkwe mara ya pili ni kumwambia amedanganya. Kila mmoja alikuwa anampa mwenzake heshima, na katikati yao kuko na chuma.

Jioni Musyoka alimwambia supavaiza, "Hajaiva." Alisema mbele ya watu, wengi walisikia. Kesho yake asubuhi jamaa akamweka kwa mashini.

Alifanya kazi vizuri, hiyo ndiyo inaumiza. Siku kadhaa alikuwa anafika tageti. Watu wakaanza kusema kumbe huko kukanyagiwa kwote kulikuwa ni mchezo wa Musyoka. Lakini Musyoka nilimwona akipita anafungua kile kitambaa cha kinga kwa mashini ya mama, mama akiwa ametoka kwenda maji, na akirudi supavaiza ameshafunga.

Halafu siku moja kompresa ikapumua. Hiyo ni kitu ya kawaida, tangi ikijaa sana inatoa hewa yenyewe, pshaaa, kama basi kubwa. Sisi wa zamani hata hatukuwa tunasikia. Mama Ndunge alikuwa hajawahi kuisikia ikiwa karibu. Akashtuka, mguu ukaenda chini.

Mimi nilisikia nduru nikajua ni nani. Nilikimbia hall nzima. Nikifika, chuma kiko chini, kidole cha shahada kiko ndani na kifungo, na mguu wake umekazana kwa pedali kwa nguvu yote. Maumivu yakizidi anakanyaga zaidi. Watu wanapiga kelele, "Toa mguu! Toa mguu!" na yeye hasikii. Supavaiza anavuta mkono wake, na ukivuta mkono unararua.

Musyoka alitoka sijui wapi. Akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akashika mguu wa mama mkwe wake kwa mikono yote miwili, hapa kwa kifundo, akaunyanyua kutoka kwa pedali. Chuma kikapanda. Mama akaanguka nyuma, na yeye akamdaka asigonge sakafu, kichwa cha mama kikalala kwa bega lake.

Wanawake wa kwetu walifunika macho. Na aprono.

"Mwaitu," akamwambia, "nisamehe." Mwaitu ni mama. Sijui alikuwa anaomba msamaha ya gani kati ya zile mbili, ya kumshika ama ya kutomkanyagia.

Kidole kilikatwa hospitalini, hapa kwa kiungo cha kwanza.

Alipotoka waliitwa kwa ofisi ya meneja, yeye, Musyoka na supavaiza. Mimi sikuitwa, nilienda tu. Kanuni ilikuwa hivi, na watu wa personeli waliisoma wazi: mfanyakazi akifundishwa halafu aumie, ni uzembe wake, anaenda nyumbani. Kama hakufundishwa, kampuni inamtibu na inampa kazi nyingine, lakini mwalimu anatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa inaulizwa, alifundishwa ama hakufundishwa.

Supavaiza akasema alimsikia Musyoka kwa masikio yake akifundisha. Ni kweli, alisikia.

Meneja akamgeukia mama. Mama amesimama anaangalia kabati ya mafaili, bandeji imekuwa kubwa kama ngumi. Akasema, "Alinifundisha vizuri sana. Kosa ni yangu. Mimi ndio nilizembea."

Alikuwa anamwokoa mkwe wake. Watoto wake wa Ndithini, mahindi yake, yote aliweka kando hapo.

Meneja akamuuliza Musyoka, ambaye alikuwa anaangalia dirisha. Kwanza aliuliza mbona hawa watu wawili hawaangalii mtu wakiongea. Halafu akauliza kama alimfundisha.

"Sikumfundisha," Musyoka akasema.

"Yeye anasema ulimfundisha."

"Nilimwongelesha. Sikuweka mguu. Bila mguu hajafundishwa."

Nikalipuka. "Mwambie ni kwa nini! Sema nani alimweka kwa mashini na wewe umekataa! Sema kinga ilifungwa na nani!"

"Mwende. Nyamaza." Hakuwa amewahi kuniongelesha hivyo. "Nikianza kusema ya wengine, itakuwa maneno yangu na ya supavaiza mpaka jioni, na mama atarudi nyumbani na mkono hivyo. Andika hakufundishwa."

Wakaandika. Mama akapewa kazi ya kukunja suruali, kazi nyepesi, akaifanya mpaka watoto wakamaliza shule. Musyoka akarudisha koti ya kazi hiyo siku. Supavaiza akapandishwa cheo baadaye, akawa wa hall mbili. Mimi nilimfuata Musyoka mpaka geti nikilia kwa hasira, nikamwambia nitaacha pia. Akaniambia nisiwe mjinga, kuna wasichana kumi hawajaiva.

Baada yake hawakutafuta mwalimu mwingine. Walitengeneza chumba na viti, unaketi, mtu anasoma kanuni, mnaulizwa kama mmeelewa. Mimi hao kumi niliwakanyagia kwa siri, asubuhi kabla ya kengele, mpaka nikakamatwa sina karatasi, nikaondoka. Nikaenda kampuni nyingine hapo hapo kwenye zone, laini ya mashati. Halafu nikashona sare za shule Tala, karibu na soko ya mitumba, miaka mingi, mpaka nikawa siwezi kuingiza uzi kwa sindano. Musyoka alirudi Masinga akapanda miti ya matunda. Hakugusa mashini tena. Nilimpelekea habari mara mbili ya kampuni zinatafuta mwalimu, akasema huko alimaliza.

Mama Ndunge nilimtembelea akiwa amezeeka. Ile siku ya meza, vile Musyoka alimshika mguu, walikuwa wameitengeneza kimila, mbuzi ikachinjwa, wazee wakaongea, na Musyoka na yeye wakarudi kwa heshima yao, huyu akija huyu anaingia jikoni. Aliniwekea chai na mkono ule. Nikamuuliza kitu ilikuwa imenikaa kooni, kama asubuhi ile angekubali Musyoka amkanyagie. Nilijua atasema haiwezekani.

"Mimi nilikuwa nimevua kiatu," akasema. "Nilijua kazi ni kazi. Angekuja ningefunika uso tu na leso, na mbuzi ingechinjwa kabla ya kidole kukatwa, si baada. Lakini ni mwanaume ndiye anakuja, si mimi wa kumwita."

Hilo neno sijamwambia Musyoka mpaka leo. Ako hai, ako na maembe yake. Kuna faida gani?

Watu huniuliza najuta nini kwa hiyo kazi. Si kutukana supavaiza, hiyo ningerudia hata kesho. Najuta vile ile njia ilikufa. Mtu anaweza kuambiwa kanuni zote za mashini, akazisema kama sala, na mwili wake bado haujui kitu. Na mwenye kujua ni lazima akukaribie sana ndio akupe. Sisi tulikuwa na mtu kama huyo, tukampoteza kwa sababu kila mtu alifanya kitu ya adabu.

Juzi msichana wa jirani yangu, Kanini, amepata kazi huko huko EPZ, mashini ya vifungo. Nikamuuliza amefundishwaje.

"Tuliketi, Aunty, wakatuonyesha video, wakauliza kama tumeelewa. Tukasema ndio, sote pamoja."

"Na ulielewa?"

Akacheka. "Nusu nusu."

Nikampandishia sauti. Nikamwambia kesho aende kwa supavaiza amwambie bado hajaelewa, afundishwe tena, asikanyage hiyo pedali mpaka mtu amshike. Aliniangalia kwa huruma, vile unaangalia mtu wa zamani.

"Aunty, geti imejaa watu kila asubuhi. Nikisema sijaelewa, si watachukua mwenye ameelewa?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu. Basi la wafanyakazi likapiga honi kule barabarani, akachukua kitambulisho chake kwa meza, akaniambia nisijali, akakimbia.